Chumvi Iliyonata Kwenye Chupa

Siku niliyotikisa chupa ya kioo mbele ya akina mama wa kijiji chetu cha Juru, nikaona chumvi imenata, nikasema haikunata, naikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu. Naanza na hilo moja kwa moja, mwanangu, kwa sababu nimechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu za kuzungukazunguka. Magoti yananiuma. Maharage nimeyaanika pale nje juu ya shitingi, yale maturubai tunayopewa hapa kambini Nakivale, na kila baada ya muda inabidi niinuke nikayageuze. Kwa hiyo nitasema kidogo, nitainuka, nitarudi. Ukiona maneno yanakatika usinilaumu.

Siku hizi ninyi vijana mnayapenda mambo ya chupa. Nawaona mnaonyeshana kwenye simu. Chupa ya plastiki mkiikata shingo mnapata faneli, mkitoboa kifuniko mnamwagilia miche ya nyanya, mkiijaza maji na kuipachika kwenye bati nyumba inaangaza mchana kutwa bila taa. Ni mazuri yote, siyapingi. Mkija kwangu mnaniita Koko wa Chupa, yaani bibi wa chupa, maana mmesikia kwamba mimi ndiye niliyeleta desturi ya kuhifadhi mbegu ndani ya chupa katika kijiji chetu, nami huitikia na kucheka. Kucheka huko kuna uongo ndani yake. Desturi ile aliileta mtu mwingine, na mimi nilimlipa vibaya.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mtoto wangu wa kwanza bado yuko mgongoni. Tulikuwa tumefika hapa Uganda tukikimbia vita Kivu ya Kusini, tumepewa kipande cha shamba, tumelima maharage, tumevuna. Tukaweka mbegu kwenye magunia kama tulivyozoea. Miezi miwili baadaye nilifungua gunia nikakuta unga. Fukusi walikuwa wametoboa kila punje, wengine bado wanatembea humo kama wenye nyumba. Tukapanda hivyo hivyo zilizobaki, zikaota chache, nyembamba, na msimu ule tulikula uji wa mahindi mpaka mtoto akakataa kuutazama.

Jirani yangu alikuwa mama mzee mmoja, Koko Nabintu, mtu wa milima ya juu ya Uvira. Hakuwa ndugu yangu wa damu, lakini alinipokea kama mjukuu, akanifundisha wapi kuna kuni na nani wa kuepuka. Macho yake yalikuwa yameanza kuingiwa na weupe. Aliponiona nimekaa mbele ya lile gunia la unga nikilia, alinipa pole, kisha akaniambia kwamba kwao mbegu huwekwa kwenye kibuyu, kinajazwa mpaka shingoni na kuzibwa kwa nta ya nyuki. Fukusi aliye ndani anakosa pumzi, anakufa. Vibuyu hapa hatuna, akasema, lakini chupa za wenye sherehe zinatupwa ovyo mjini, na chupa ni kibuyu tu.

Nilikuwa kijana mwenye kiherehere. Neno lile nililibeba kama langu. Huko Mbarara, mtaa wa Nyamityobora, nilikuwa namfahamu mama mmoja wa Kiislamu, Hajati Mariamu, muuza nafaka na mpishi wa sherehe. Wakati wa mavuno nilikuwa nikimchambulia maharage dukani kwake. Nikamwomba chupa tupu za plastiki zinazobaki harusini. Alinitazama akadhani nimerukwa na akili, kisha akaniruhusu niokote nitakazo. Nikarudi na magunia mawili ya chupa, kwa lori hadi Kaberebere, na kutoka hapo kwa baiskeli ya kukodi, chupa zikilia njia nzima na watu wakitoka madukani kuangalia ni kichaa gani anapita.

Nilizinusa moja moja. Iliyokuwa na harufu ya dawa ya kupulizia mimea niliitumbukiza chooni, na wewe ufanye hivyo hivyo, usijidanganye kwamba sabuni itaitoa sumu ile. Nyingine niliziosha kwa mchanga na majivu, nikazipachika kichwa chini kwenye vijiti vya ua, siku nne, mpaka hakuna tone ndani. Akina mama wakaniona mtu wa maana. Nilikuwa sijawahi kuonwa mtu wa maana tangu tuvuke mpaka pale Bunagana, na nisiseme uongo, nililewa.

Ngoja nikageuze maharage.

Basi. Sasa kuna jambo la kujua kuhusu chupa. Mbegu kavu ukiifungia humo inakaa salama. Mbegu yenye unyevu ukiifungia humo, unyevu hauna pa kutokea, mbegu inaoza. Gunia linapumua, chupa haipumui. Kwa sababu hiyo Koko Nabintu alikuwa na chupa yake ya kioo, nyeupe, ndogo, na chumvi aliyoikaanga kidogo kwenye sufuria ili ikauke kabisa. Unatia chumvi kiasi, unatia maharage kiganja kimoja, unatikisa, unaacha kidogo, unaangalia. Chumvi ikishuka yote chini, maharage yamekauka. Ikinata kwenye kioo, rudi ukaanike.

Siku ile akina mama walikuja uani kwangu kila mmoja na mbegu yake. Mimi ndiye niliyetikisa, Koko amekaa kando kwenye kiti kifupi, anasikiliza. Wengi walipita. Mama mmoja wa rika langu, Esperanse, chumvi yake ilinata nikamrudisha. Alinung'unika, akasema naringa, lakini alibeba beseni lake akaenda kuanika. Sikumwogopa hata kidogo, maana alikuwa mwenzangu.

Wa mwisho alikuwa Koko mwenyewe.

Maharage yake hayakuwa kama yetu. Yalikuwa meupe, yana jicho jekundu pale yanaposhikia ganda, madogo, mazito mkononi. Alikuja nayo kutoka kwao yamefungwa kwenye upindo wa kitenge, kiasi cha kujaza kikombe. Alikimbia bila sufuria, bila blanketi, lakini na mbegu ile. Alikuwa ameipanda misimu mitatu bila kula hata punje moja, akiizidisha, akingojea ifike siku ya kuwagawia watu wote wa kwao waliokuwa hapa. Hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Sasa zilikuwa zimefika za kujaza chupa tatu kubwa, na msimu uliokuwa unakuja ndio aliouwekea ahadi ya kugawa.

Wiki ile manyunyu yalikuwa yamemkuta ameanika. Sisi vijana tulikusanya yetu mbio tukaingiza ndani. Yeye, kwa macho yale na mgongo ule, mpaka anamaliza kukunja shitingi yalikuwa yamelowa. Akayaanika tena siku moja, yakaonekana sawa kwa nje. Nilitikisa. Nikaacha. Nikatazama, na chumvi ilikuwa imenata kwenye kioo kila upande, nyeupe, inaonekana hata na mtoto.

“Miye macho yangu ilishaka kufa,” Koko akasema. “Angalia weye. Chumvi inashika?”

Akina mama wote walikuwa wananitazama. Nikafikiri, huyu ndiye aliyetufundisha kazi hii, nitamwambiaje mbele za watu kwamba yake ndiyo mabichi? Itakuwa kama kumwambia amezeeka, hafai. Nyumbani kwetu mtoto hamsahihishi mzee hadharani. Nilifundishwa hivyo kwa fimbo.

“Hapana, Koko,” nikasema. “Iko sawa.”

Nikaijaza chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikizigonga chini taratibu ili maharage yashikane na hewa itoke, nikafunga vifuniko, nikazungushia nta ya mshumaa. Mikono yangu ilifanya kazi nzuri kabisa. Koko akanishika kichwa akaniombea heri, mimi na mtoto wangu na watakaozaliwa, na mimi nimeinama pale naipokea ile baraka huku najua.

Usidhani nililala na jambo lile likaisha, mwanangu. Nilijiambia joto litazikausha humo humo ndani ya plastiki. Nilijiambia labda ilikuwa chumvi mbaya. Mara tatu nilikwenda hadi mlangoni kwake nikiwa nimeshika neno mdomoni. Kila mara alinikaribisha, akanisogezea kiti, tukaongea habari za kanisa na za watu wagonjwa, nikarudi nalo. Mara ya tatu zile chupa zilikuwa pale chini ya kitanda chake, nami nikaona kwa macho yangu ukungu umetanda ndani ya plastiki, matone madogo yakiteremka. Hapo ningesema, nusu ingeokolewa. Nikanywa chai yake nikaaga.

Ukiniuliza leo kosa langu lilikuwa lipi, nitakwambia ni chai ile. Uongo wa kwanza ulinitoka ghafla. Ile chai niliikalia, nikaikoroga, nikaimaliza.

Mvua zilipoanza, tulifungua chupa zetu. Ilikuwa furaha, mwanangu, sikufichi. Punje zilitoka zinang'aa, hazina tundu hata moja. Esperanse, yule niliyemrudisha, alinikumbatia. Watu wa kwao na Koko walikuwa wamekuja na vikapu vyao kungojea mgawo, watu wazima, wengine wamevaa nguo za kanisani kabisa. Koko akaikata nta kwa kisu. Kabla sijaona kitu nilisikia harufu. Na yeye alisikia, maana pua yake ilikuwa nzima.

Akaingiza kidole. Maharage yalikuwa yameshikana bonge moja, yamechipua humo gizani, yameoza, yana nywele za kijivu. Chupa ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Hakulia. Aliwaambia wageni wake warudi, Mungu hakupenda mwaka huu. Waliondoka taratibu na vikapu vitupu, bila kelele, na ndipo akaniambia niketi karibu.

“Ile siku, chumvi ilishika?”

“Ilishika, Koko.”

“Na weye uliona?”

“Niliona.”

“Sasa juu ya nini haukuniambia?”

Nikamwambia niliogopa kumpatia haya mbele ya akina mama. Nikamwambia ilikuwa heshima. Alizipapasa zile punje zilizooza, akitafuta kwa vidole kama kuna moja ngumu.

“Ile heshima yako,” akasema, “ntaipanda fasi gani?”

Mwanangu, nimepigwa maishani mwangu. Nimetukanwa, nimefukuzwa kwetu, nimezika. Hakuna neno lililonikaa kama lile, wala hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayeuliza kweli, anayetaka kuonyeshwa mahali.

Alipata punje tisa zilizoonekana nzima. Tulizipanda pamoja nyuma ya nyumba yake, nikazimwagilia kwa chupa niliyoitoboa kifuniko ili maji yadondoke polepole. Ziliota mbili. Moja ikakatwa na mdudu, nyingine ikapanda mti wake vizuri, ikatoa maua, yakapukutika yote kabla ya kushika.

Nilikwenda Mbarara kuitafuta. Nilichukua punje moja iliyooza nusu, bado lile jicho jekundu linaonekana, nikaifunga kwenye leso. Nilizunguka soko zima nikiwaonyesha wauzaji, nikaishia dukani kwa Hajati Mariamu. Yeye alinionea huruma. Alifungua magunia yake yote, hata ya nyuma kabisa, tukaingiza mikono, tukatafuta. Alikuwa na ya njano, alikuwa na meusi, alikuwa na yale mekundu yenye mabaka wanayoyaita nambale.

“Nyabo, hii yako mimi hapana jua,” akaniambia, nyabo yaani mama kwa lugha ya pale. “Hapa watu nakula nambale. Kama ilitoka kwenu, labda iko kwenu.”

Kwetu kulikuwa kunawaka moto. Nilirudi na kilo mbili za nambale alizonipa bure, nikampelekea Koko. Alizipokea kwa mikono miwili akashukuru. Akazipanda, akazila, zilikuwa maharage mazuri tu.

Unadhani alininunia? Hata. Ingekuwa nafuu. Alichofanya ni kuniita siku iliyofuata akaniambia, “Kuanzia leo weye njo macho yangu. Ukinidanganya tena, nitakuwa kipofu kabisa.” Tangu hapo kila kitu aliniuliza mimi. Wali una mawe? Nguo hii ina doa? Huyu anayekuja ananuna au anacheka? Ilinichosha imani yake kwangu, nakwambia kweli. Kila aliponiuliza nililiona lile bonge la kijivu, na kila mara nilimwambia lililopo. Ina doa, Koko. Amenuna, Koko. Umevaa kitenge ndani nje. Alicheka, akavua, akageuza. Kumbe alikuwa na uwezo wa kuambiwa siku zote. Mimi ndiye niliyeamua kwamba hana.

Alikufa miaka sita baadaye, mikononi mwangu, bila kuiona tena mbegu ile. Aliniachia chupa ya kioo. Nimewauliza wageni wote waliokuja kutoka kwetu baada ya hapo, kila kundi jipya, nikiwachorea chini kwa kijiti, jeupe, dogo, jicho jekundu. Wengine husema bibi zao walikuwa nayo. Nimeacha kuuliza sasa. Nimechoka kutazama watu wakitikisa kichwa.

Naja.

Nimeyageuza. Jua linashuka lakini bado lina nguvu kidogo. Sasa nikwambie kwa nini nimekumbuka haya yote leo, maana maharage hayo yaliyoko nje yalipaswa kuwa ndani ya chupa tangu juzi.

Juzi akina mama walikuja tena uani, mabinti zao, wake wa watoto wetu, kama wanavyokuja kila msimu. Mimi siku hizi sitikisi. Macho yangu nayo yameanza weupe, yaleyale ya Koko. Anayetikisa ni Neema, mke wa mwanangu, msichana mpole, hata salamu yake huisikii usipokaribia. Alitikisa ya wengine. Kisha akatia ya kwangu, mimi Koko wa Chupa, mwalimu wa wote. Nikangojea aseme iko sawa ili tuanze kujaza. Sikusikia kitu. Nikamwuliza vipi.

“Mama,” akasema, “chumvi inashika.”

Nikamwambia aangalie vizuri. Akasema ameangalia. Nikamwambia labda hakuikausha chumvi, na sauti yangu haikuwa nzuri, mwanangu, ilikuwa sauti ya mtu anayetaka kumrudisha mwenzake nyuma. Niliona mikono yake inatetemeka mpaka punje zinagonga kioo.

“Nimeikausha, mama. Inashika.”

Nilikasirika. Sikufichi. Nilimkazia macho, nikafikiri, kitoto hiki, mbele ya watu wote hawa. Miaka yote ile ya kuwa macho ya Koko, na bado nilikasirika. Hapo ndipo nilipoelewa niliogopa nini siku ile nilipokuwa na miaka ishirini na miwili. Niliogopa uso kama huu wangu. Na nikajua ni nani hasa huwafundisha vijana kusema iko sawa.

Nikamwambia Neema amwage yote kwenye shitingi. Nikamshukuru, kwa sauti, ili wote wasikie, ingawa shukrani yenyewe ilinitoka kwa shida. Jana tumeanika, leo tumeanika, kesho tutatikisa tena.

Basi nasaha yangu ni hii, wala si ndefu. Mzee wako akikuuliza umeona nini, mwambie ulichoona. Mwambie kwa sauti ya chini, mvute kando ukiweza, piga magoti ukitaka, tanguliza shikamoo tatu, lakini mwambie. Na kama ulishasema uongo mbele za watu, nenda ukautengue kesho yake, kabla ukungu haujashuka, na ukikaribishwa chai, sema kwanza ndipo unywe. Usituhurumie kwa kutunyamazia. Tumebeba vitu kutoka mbali ambavyo tukivipoteza hatuna pa kuvipata tena, na mikono yetu imechoka, na tunawategemea ninyi kuona. Nasi wazee wenzangu, tukiambiwa, tusiwatazame watoto kwa jicho lile nililomtazamia Neema.

Mwanangu, Mungu akuwekee mbegu yako. Akupe macho ya kuona chumvi na mdomo wa kuisema. Na siku utakapozeeka nawe ukakaa kwenye kiti kifupi, akupe mtoto atakayetetemeka na bado aseme, na akupe wewe nguvu ya kuinuka ukamwage maharage yako juani upya. Amina. Nakwenda kuyaingiza, Neema ananiita.